Sabato ya Kuazima

Asubuhi ya mwisho walikunywa chai pamoja kama asubuhi zote, na mke alimsema mumewe kama asubuhi zote. Kosa lilikuwa la kopo la gundi. Mumewe, Fundi wa viatu, alikuwa ameliacha wazi juu ya meza, kando ya mkate, kifuniko kimedondokea chini ya kiti.

"Wewe mzee, siku moja utapaka gundi kwenye mkate, ule, midomo ishikane. Na hospitali sikupeleki. Nitakuacha hivyo hivyo, nipumue."

"Mm," akajibu Fundi.

"Mm! Mume nimepata. Hasemi, ananguruma tu kama mashine ya kusaga."

"Mm."

Mke akaokota kifuniko mwenyewe, akakibana kwenye kopo kwa kiganja, akamwongezea chai bila kuulizwa. Kisha kila mtu akaenda kwenye kiti chake. Mke kwenye cherehani karibu na dirisha, mume kwenye kigoda mlangoni, hatua nne katikati. Saa sita mke akasema kichwa kinamwuma, anakwenda kujinyoosha kidogo. Hakuamka.

Fundi angejua kwamba siku yenyewe ndiyo hiyo, asingejibu "mm" mara mbili. Lakini nani anajua.

Mtaa mzima ulimwita mke huyo Mama Pindo. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila lilikaa kwenye cheti tu. Hilo la Pindo alilipata kwa sababu hakuweza kuona nguo ya mtu imefumuka chini akanyamaza. Sindano ilikaa ukosini mwa gauni lake, ina uzi tayari. Mara moja, kwenye foleni ya zahanati, alipiga magoti nyuma ya bwana mmoja asiyemjua, akaanza kumshona suruali mguu wa kushoto. Foleni ikasogea, yule bwana akashindwa kusogea. Alipogeuka kufoka akaambiwa, "Tulia, baba, nisikuchome. Kwani mkeo haoni?"

Kazi zake zilikuwa mbili, kushona na kusema. Kusengenya hapana. Akiwa na neno na wewe alikuletea mwenyewe, mkononi, likiwa bado la moto.

Hata mume alimpata kwa kumsema. Alileta kiatu kitiwe kisigino, akarudi nacho siku ya pili, akakiweka chini ya pua ya Fundi. "Hiki umekishona, au umekiombea tu?" Fundi akakishona upya mbele ya macho yake. Alipokata uzi akamwuliza kama ameolewa. Akajibiwa, "Kwanza tuone kama kisigino kitakaa." Kilikaa. Watoto wanne, wote wamekwisha kwenda zao, na wote pindo zao ziko sawa.

Kitu kimoja tu kilimshinda Mama Pindo maishani, nacho ni Kwaresma.

Hakuwahi kumaliza hata moja. Mama yake mzazi alimwambia akiwa bado msichana, "Wewe mfungo huuwezi. Huna breki." Yule mama alikwisha kufa miaka mingi, lakini neno lile halikufa naye. Lilikaa ndani ya binti yake kama mwiba uliovunjikia nyamani. Kila Jumatano ya Majivu alirudi kutoka kanisani na alama kwenye paji la uso, amekaza meno, na kila mwaka aliangukia njiani. Mwaka wa sukari alifika siku ya tisa, akakuta kijiko kimo kikombeni na mkono ni wake. Mwaka wa redio aliizima vizuri kabisa, kisha akahamishia kiti dirishani kwa jirani mwenye redio. Mwaka wa nyama padri alicheka. "Mama, mnakula nyama mara ngapi?" "Pasaka na Krismasi, Padri." "Basi hapo umefunga nini?"

Padri yule alikuwa kijana mwenye miwani, makanisa manne juu ya pikipiki moja. Hakuwa na muda wa maneno mengi. Akamwambia, "Funga kile unachokipenda kuliko vyote," akawasha pikipiki.

Mama Pindo aliwaza siku mbili. Jumatano akaingia na majivu yake, akasimama mbele ya kigoda.

"Baba watoto, nimekipata. Nafunga kukusema."

Fundi akaweka nyundo chini. "Siku ngapi?"

"Arobaini."

"Mungu ni mwema," akasema Fundi, na alisema kwa moyo wake wote.

Siku nne za kwanza alikaa kama mgeni mwalikwa. Aliingia na viatu vya matope, kimya. Alikoroga chai kwa bisibisi, kimya. Alisahau misumari midogo juu ya mto wa kitanda, mkewe akailalia, akainuka, akaitoa mmoja mmoja, kimya. Fundi akaanza kunenepa.

Furaha hiyo iliishia Jumapili.

Maana padri alikuwa amefundisha, na Mama Pindo mafundisho hayakumpita. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, hesabu siku, utakuta arobaini na sita. Toa Jumapili sita, ndipo unapata arobaini. Jumapili haifungwi. Ni siku ya Bwana, siku ya kupumzika na kufurahi, Pasaka ndogo katikati ya wiki za majivu. Aliyefunga sukari anaweza kuonja sukari.

Na aliyefunga kumsema mumewe?

Fundi alitoka misani anapiga mluzi. Akamkuta mkewe amekaa kwenye benchi la wateja, pale nje, mto wake mdogo wa kuchomekea pini za kushonea uko mapajani. Ndipo alipouona vizuri kwa mara ya kwanza. Siku zote ulikuwa na pini tano au sita. Siku hiyo ulikuwa umesimamisha miiba kama nungunungu.

"Kaa," akasema Mama Pindo.

Akakaa.

Mama Pindo akafanya ishara ya msalaba, akachomoa pini ya kwanza. "Hii ni ya Jumatano jioni. Matope." Akayaeleza matope. Alianza na matope yenyewe, akaja kwa aliyeyaleta, akamalizia kwa ukoo mzima wa aliyeyaleta, ambao kwa maelezo yake haukuwahi kukutana na kitambaa cha kufutia miguu. Akaichoma pini ile kwenye ganda la chungwa, akachomoa ya pili. "Hii ni ya Alhamisi. Bisibisi."

Wala hakuwa na hasira. Hilo ndilo watu wa nje hawakulielewa. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyevua viatu vinavyobana. Alisema kwa raha, kwa mpangilio, akimsogezea mumewe chai kati ya pini na pini ili asichoke kusikiliza. Jumapili ya pili majirani walikuja na vigoda vyao. Ya tatu ilinyesha, wakaja na miamvuli. Kuna mzee mmoja, kiziwi wa sikio moja, alikuwa akiwahi ili apate upande mzuri.

Fundi akamvizia padri karibu na pikipiki.

"Padri, samahani. Hiyo Jumapili haiwezi kuingizwa kwenye mfungo? Mwaka huu tu?"

"Haiwezi, baba. Siku ya Bwana haifungwi, ni ya mapumziko."

"Mapumziko ya nani, Padri? Kwangu mimi hiyo ni siku ya hukumu, inakuja kila wiki."

Padri alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Lakini Fundi hakuwa akilalamika sana kama alivyojitia. Alikwisha gundua kwamba siku sita za kimya ni ndefu. Alikuwa akifika Ijumaa akitamani kujua zile pini zinasema nini. Na kitu kingine. Wiki zilikuwa zinakwenda na mkewe hajaanguka. Siku kumi, siku ishirini, siku thelathini. Alimsikia akizihesabu kwa sauti ya chini akizungusha gurudumu la cherehani. Siku ya thelathini na moja alimwambia, bila kumtazama, "Mama angekuwepo." Basi. Tangu hapo Fundi akawa anafuta miguu mlangoni. Alitaka amalize.

Siku hizi, tangu mkewe aende, nyumba imekuwa Kwaresma isiyo na Jumapili. Lakini hayo ni ya Fundi mwenyewe. Turudi.

Ng'ambo ya njia, hatua sita tu, alikaa muuza mkaa. Jina lake la mtaani ni Mama Sabato, kwa kuwa kanisa lake linashika Jumamosi. Siku tano za wiki, na Jumapili juu yake, alikuwa mweusi kwa vumbi la mkaa hadi kope. Jumamosi alikuwa mweupe, gauni limenyooka, amekaa mlangoni na Biblia mapajani, hana kazi duniani isipokuwa kutazama kwa jirani.

Yeye na Mama Pindo walikuwa na ubishi wa miaka kumi na tisa.

"Siku ya saba ni ya saba, shoga. Hesabu vidole."

"Bwana alifufuka Jumapili. Wewe bado umekaa kaburini unamsubiri."

"Amri ya nne hiyo. Wewe umeipata wapi Jumapili yako?"

"Nilikoipata ni kusafi. Yako umeiokota sokoni, ina vumbi la mkaa."

Kisha wanagawana chumvi. Akiumwa mmoja, wa pili ndiye anayemwosha miguu. Lakini kwenye ile habari ya siku hakuna aliyewahi kurudi nyuma hata unyayo mmoja.

Sasa kosa lenyewe la Kwaresma ile.

Padri alikuwa amemletea Mama Pindo kitani cheupe, zawadi kutoka mbali, ashone kitambaa kipya cha altare kitandikwe asubuhi ya Pasaka. Kipande ni hicho kimoja, kingine hakipatikani. Mama Pindo alikikata kwa kipimo, akakikunja mara mbili, akakiweka. Kushona pindo aliahirisha hadi Jumamosi.

Na nyumba ile ilikuwa na sheria moja ya kazi, ya tangu walipooana. Chini ya meza ya kukatia, upande wa kushoto, kuna gunia la vipande. Vya kushoto ni vya Fundi, anachukua bila kuuliza, anafanyia bitana za viatu. Vya kulia ni nguo za watu. Mkono wake usiende kulia hata nyumba ikiungua.

Alhamisi Kuu Mama Pindo alikuwa akifagia. Akatoa vitu, akarudisha vitu, kengele ikalia, akatupa ufagio akakimbilia kanisani. Kitani kikabaki juu ya gunia. Kushoto.

Fundi alikuwa na viatu vyeupe vya watoto wawili watakaobatizwa Pasaka, na bitana ya ndani imemwishia. Akaingiza mkono kushoto bila hata kutazama. Mkono ukarudi na kitambaa cheupe, kizuri, safi, kilichokunjwa mara mbili. Akajipongeza. Vikunjo viwili ni tabaka nne. Akaweka karatasi ya kipimo juu yake, saizi ishirini na sita, akakata unyayo mmoja tu, akapata nyayo nne, mbili za kulia na mbili za kushoto, kwa mkato mmoja. Katika miaka yote ya ufundi hakuwahi kufanya kazi ya akili namna ile. Akakirudisha kitambaa kilivyokuwa, akabandika bitana, jioni wazazi wakaja wakachukua viatu.

Jumamosi Kuu asubuhi, siku ya arobaini, Mama Pindo alikiinua kitani dirishani ili apime pindo.

Mwanga ukapita kwenye nyayo nne za mtoto, ukamwangukia kifuani.

Zilikuwa zimepangana vizuri kabisa, mbili huku, mbili kule, kama mtoto aliyepanda juu ya altare akazunguka akashuka. Fundi aliinua macho kutoka kwenye kigoda. Alizitambua kama mtu anavyotambua mikono yake.

Mama Pindo akafungua mdomo.

Fundi akafumba macho.

Alipofumbua, mdomo bado ulikuwa wazi, mishipa ya shingo imesimama, na jicho moja limeanza kutoa chozi peke yake. Kisha akaufunga ule mdomo, polepole, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Kwanza upande mmoja, akakalia, halafu upande wa pili.

"Mama watoto," akaanza Fundi.

Akanyoshewa kidole. Alitaka kusema kwamba kitambaa kilikuwa kushoto. Aliona huo si wakati wake.

Mama Pindo akakikumbatia kitani, akavuka njia kwa hatua tatu badala ya sita. Mama Sabato alikuwa mlangoni, mweupe, Biblia mapajani. Alikwisha kuona kila kitu na alikuwa amekaa mkao wa kusikiliza.

"Shoga, nikuulize," Mama Pindo akasema, sauti imebanwa kama inatoka tundu la sindano. "Siku ya Sabato mtu anafunga?"

"Wapi! Sabato ni furaha, shoga. Siku ya kufunga si hiyo."

"Kwa hiyo mtu aliyefunga kitu, Sabato ikifika, anafungua?"

"Anafungua. Anakula, anashukuru."

"Na Sabato ni lini?"

Mama Sabato akafungua mdomo kujibu, akasita. Akamtazama jirani yake. Akakitazama kitani, akachungulia kwenye mlango wa ng'ambo, akamwona Fundi amejikunja kwenye kigoda kama kiatu kilicholowa. Tabasamu likaanza kwenye pembe ya mdomo, likasambaa hadi masikioni.

"Aa," akasema. "Aaa! Miaka kumi na tisa Sabato yangu nimeiokota sokoni. Leo imekuwa tamu?"

"Naiazima tu. Nusu saa."

"Sabato haiazimwi kama sufuria, mwenzangu. Ukiitaka ibebe nzima. Kila wiki. Na usimame hapa njiani, useme watu wasikie: Jumamosi ndiyo yenyewe. Halafu rudi umpe mumeo vidonge vyake, hakuna atakayekuzuia."

Yule mzee wa sikio moja alikuwa amekwisha kufika, hakuna ajuaye nani alimwita.

Fundi hakuwahi kuona mkewe akipimwa namna ile. Upande mmoja kuna nyayo nne na mume aliyezikata. Upande mwingine kuna ubishi wa miaka kumi na tisa. Na juu ya vyote, siku thelathini na tisa zilizokwisha kulimwa, imebaki moja. Akiiita leo Sabato, atasema apendavyo, lakini arobaini yake itakuwa na kiraka, na kila Jumamosi iliyopita itamdai jawabu. Aliona midomo yake ikitembea. Alitamani kupiga kelele: sema tu, Mungu ataelewa! Hakuthubutu.

"Bora nipasuke," akasema Mama Pindo.

Akageuka. Lakini miguu haikwenda. Alisimama katikati ya njia, kitani kifuani, mabega yakianza kumtikisika. Na hapo hakuwa akichekesha.

Tabasamu la Mama Sabato likaondoka. Akaifunga Biblia.

"Shoga. Njoo." Mama Pindo hakugeuka. "Sikiliza basi huko huko. Bwana wetu, siku kama ya leo, alikuwa wapi?"

"Kaburini."

"Walikuwa wamemfanyia nini?"

"Si unajua."

"Kibaya kuliko kutobolewa kitambaa?"

Mama Pindo akakibana kitani kifuani.

"Na siku hiyo alisema neno lolote?"

"Hakusema," akajibu Mama Pindo, polepole. "Alipumzika."

"Siku gani?"

"Usinianze."

"Sikuanzi. Nauliza tu. Alipumzika siku ile, na alikuwa na ya kusema kuliko wewe." Akasimama, akakung'uta gauni lake jeupe. "Twende. Kushona siwezi, leo ni Sabato. Kushika pembe ya kitambaa si kazi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ile yote Mama Sabato alikaa ameshika pembe. Kutunga uzi alikataa, akasema hiyo ni kazi. Pasi ilipotaka mkaa, alifikiri kidogo, akasema kuuza ni dhambi, kugawa ni sadaka, akatia mkono kwenye gunia lake akiwa ameuvika mfuko wa nailoni usichafuke.

Fundi aliendeshwa kwa vidole. Kidole kwenye mkasi, akaleta mkasi. Kidole kwenye pasi, akapepea pasi. Ile karatasi ya saizi ishirini na sita alileta bila kuoneshwa, akaiweka mbele ya mkewe kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha wizi. Mama Pindo akapunguza kitani pande zote, akapata vipande vya kutosha, akakata nyayo nne mpya, akazipachika penye matundu, akazizungushia mshono mdogo mdogo hata jicho linachoka kuufuata. Ila mshono ni mshono. Nyayo zilionekana. Kwa karibu zilionekana, na kwa mbali zilionekana zaidi.

"Nipe hata neno moja," Fundi akamnong'oneza mchana. "Hata 'mjinga'. Moja tu, nipumue."

Akanyoshewa kidole kwenye ndoo ya maji.

Jua lilipozama Mama Sabato alikuwa wa kwanza kuinuka. "Sabato yangu imekwisha. Kwa hesabu yetu siku mpya huanza machweo. Maana yake sasa hivi ni Jumapili, shoga. Hata padri wako hawezi kubisha. Sema."

Mama Pindo alikata uzi kwa meno. Akafikiri. Fundi akakaza mwili.

"Sitaki arobaini ya kubishaniwa," akasema, akaenda kulala saa moja na nusu, uso ukutani, shuka mdomoni.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa hadi barazani. Altare ilikuwa nyeupe, na juu yake, mbele kabisa, nyayo nne. Watoto wawili walibatizwa wakiwa na viatu vyeupe vinavyolia kwa upya. Fundi aliwatazama miguu, akatazama altare, akaanza kutazama dari.

Padri alisimama kuhubiri, akaweka mkono juu ya kitambaa, akaona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi nilikuwa na mahubiri, lakini mama yetu hapa amehubiri kabla yangu. Tazameni. Kaburi li wazi, aliyelazwa humo ametoka, anatembea! Nyayo hizi hapa!"

Kanisa zima likageuka kumtazama Mama Pindo. Mama Pindo akatazama magoti yake.

"Ni ndogo kidogo," padri akaongeza, akiinama kuzichungulia, "lakini huo ndio unyenyekevu."

Fundi alikohoa mpaka mtu akampiga mgongoni.

Walirudi nyumbani wakitembea sambamba. Jumapili imefika, mfungo umekwisha, siku arobaini zimetimia na hakuna wa kuzitia doa. Sheria yote sasa ilikuwa upande wake. Fundi hakusubiri kuitwa. Alitoa benchi nje, akafunga kifungo cha juu cha shati, akakaa pembeni kabisa, mikono juu ya magoti. Majirani walikwisha kupanga vigoda. Mzee wa sikio moja alipata mahali pake. Ng'ambo, Mama Sabato, mweusi tena kwa mkaa, aliacha gunia wazi na wateja wamesimama.

Mama Pindo alitoka ndani amefungua kilemba, anajipepea nacho. Akasimama mbele ya mumewe. Akamtazama kuanzia kwenye viatu, akapanda, akafika usoni, akakaa hapo. Muda mrefu.

"Nimekaa, mama watoto," Fundi akasema. "Anza."

Mama Pindo akavuta pumzi ndefu, watu wakainama mbele. Akaitoa yote. Akatazama juu kidogo, kama anayemtafuta mtu wa zamani amwoneshe kitu, halafu akarudisha macho kwa mumewe, akasema:

"Sogea huko nami nikae. Leo sina la kusema, na usizoee."